Mtoto Anayecheua, Mama Mwenye Maumivu, na Yule Mkubwa Aliyesahauliwa



 Leo tutajifunza mambo 3 ambayo mara nyingi huingia katika nyumba moja kwa wakati mmoja. La kwanza ni mtoto mchanga anayecheua kila anaponyonya. La pili ni mama anayeumia chuchu. La tatu ni mtoto mkubwa. Juzi yeye ndiye aliyekuwa mdogo wa nyumba. Leo amekuja mwingine na kuchukua nafasi yake.

Soma polepole. Kama una jirani ambaye hajajua kusoma, msomee kwa sauti. Akina baba nao wasome. Somo hili haliwezi kutendwa na mama peke yake.

YALIYOTOKEA ZAHANATI

Mimi ni mganga msaidizi mwenye cheti. Nafanya kazi huku milimani, upande wa Mlalo, katika wilaya ya Lushoto. Bado ni kijana, na mambo mengi ya watoto nimefundishwa na akina mama wenyewe.

Asubuhi moja ya baridi, ukungu ukiwa bado umelala bondeni, alikuja bibi mmoja na mkwe wake. Mkwe alikuwa amebeba mtoto wa wiki 6. Nyuma yao alitembea msichana mdogo, akiwa ameshika kanga ya mama yake.

"Shikamoo bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Mganga, mjukuu wangu anatapika damu."

Bibi akafungua kanga aliyoikunja vizuri. Palikuwa na doa la maziwa. Katikati ya doa ulionekana uzi mwembamba mwekundu. Kweli ilikuwa damu.

Nilimpima mtoto. Hakuwa na homa. Alipumua vizuri. Macho yake yalikuwa maangavu. Mama alisema kwamba mtoto anakojoa zaidi ya mara 6 kwa siku. Nikamweka kwenye mizani. Alipozaliwa alikuwa na kilo 3.1. Siku hiyo alikuwa na kilo 4.2. Mstari wa uzito kwenye kadi ulikuwa unapanda.

Nikamwuliza mama, "Wewe mwenyewe unajisikiaje?"

Akainamisha kichwa. Akasema, "Akishika titi tu, nauma meno. Usiku nikimsikia analia, na mimi nalia."

Muuguzi wetu, mama mtu mzima, akamwangalia. Chuchu zote mbili zilikuwa zimepasuka, na moja ilikuwa inatoka damu. Basi tukajua. Damu ile haikutoka katika tumbo la mtoto. Ilitoka kwenye chuchu ya mama. Mtoto aliimeza pamoja na maziwa, kisha akaicheua.

Hapo nilifurahi. Nikaanza kuandika katika daftari, nikiwaza kwamba kazi imekwisha. Nusura niwaruhusu waende. Ndipo muuguzi akaniuliza swali moja fupi:

"Na huyu je?"

Alikuwa anamwonyesha yule msichana mdogo. Alikuwa ameketi mlangoni, kidole mdomoni. Watoto wengine walikuwa wakicheza nje, yeye hakuwaangalia. Alikuwa na miaka 2 na miezi 3. Tulipompima alikuwa na kilo 9.6. Tukatazama kadi yake. Miezi 3 uzito wake haukupanda hata kidogo. Tukampima mkono kwa utepe wa rangi. Utepe ulionyesha rangi ya njano, sentimita 12.2.

Mimi nilimpima yule aliyeletwa, nikamsahau yule aliyekuja naye. Kumbe aliyekuwa katika hatari zaidi ni huyu wa mlangoni. Kosa hilo nimelikumbuka mpaka leo, na ndiyo sababu ya somo hili.

KUCHEUA NI NINI?

Chukua kibuyu kisicho na kizibo. Kijaze maziwa, kisha kilaze. Maziwa yatamwagika. Tumbo la mtoto mchanga liko hivyo. Juu ya tumbo la kila mtu kuna mlango unaozuia chakula kisirudi juu. Kwa mtoto mchanga mlango huo bado ni dhaifu. Tena chakula chake chote ni maji, na muda mwingi amelala. Kwa hiyo maziwa hurudi mdomoni kwa urahisi. Huko ndiko kucheua.

Mtoto akianza kukaa, akila chakula kizito na kusimama, mlango huo nao unapata nguvu. Watoto wengi huacha kucheua kabla ya kutimiza mwaka 1.

Akina mama wengi huogopa kwa sababu maziwa yanayotoka yanaonekana mengi. Jaribu jambo hili nyumbani. Chukua kijiko 1 cha maji ukimwage juu ya kanga kavu. Tazama doa lilivyo kubwa. Maji ni kijiko kimoja tu! Usipime maziwa kwa doa la kanga. Mpime mtoto kwa mizani.

Mtoto anayecheua, lakini ananyonya vizuri, anakojoa vizuri na uzito wake unapanda, si mgonjwa. Anachafua nguo tu.

Wengine huku kwetu husema mtoto wa namna hii amebemendwa. Baba na mama huanza kulaumiana, na wazee hukasirika. Ndugu zangu, tuliache jambo hilo. Maziwa ya mama hayaharibiki kwa sababu mama amelala na mume wake. Mtoto huyu anahitaji msaada, si kesi.

UFANYE NINI MTOTO ANAPOCHEUA?

1. Mnyonyeshe mara nyingi. Usingoje mpaka alie sana. Mtoto mwenye njaa kali hunyonya kwa pupa na kumeza hewa.

2. Akimaliza titi moja, mweke begani. Mpigepige mgongoni polepole mpaka abeue na hewa itoke. Kisha mpe titi la pili kama bado anataka.

3. Akishiba, mshike wima kifuani kwa muda wa nusu saa. Usimrukishe wala kumtikisa.

4. Usimfunge mgongoni mara tu baada ya kunyonya, kisha ukainama kulima. Mashamba yetu ni ya miteremko. Mama huinama sana, na tumbo la mtoto hubanwa na mgongo. Maziwa lazima yarudi. Ngoja nusu saa kwanza. Kama kazi haingoji, mwache kwa bibi au kwa baba, akiwa ameshikwa wima.

5. Wakati wa baridi mvike nguo za kutosha, lakini usimkaze tumboni kwa kanga au mkanda.

6. Akilala, mlaze chali mahali palipo sawa. Usimlaze kifudifudi. Usimwekee mto. Wengi hudhani mtoto aliyelala chali atapaliwa. Sivyo. Mtoto mzima hukohoa na kumeza, na njia ya pumzi hubaki salama.

7. Asikae kwenye moshi wa jiko wala wa sigara.

Sasa tuseme mambo ya kuepuka. Usimpe uji mwepesi ili maziwa "yakae tumboni". Usimpe maji ya sukari, wala dawa za mchango, wala mizizi. Mtoto wa chini ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu, hata maji hahitaji. Dawa akiandikiwa zahanati, hiyo apewe. Uji na maji huweza kumletea kuhara, na hujaza tumbo lake bila kumpa chakula cha kutosha. Tena mtoto aliyeshiba uji hunyonya kidogo. Akinyonya kidogo, maziwa ya mama hupungua.

CHUCHU ZINAZOUMA

Siku za kwanza baada ya kujifungua, chuchu huweza kuuma kidogo. Lakini maumivu makali yanayoendelea, au chuchu kupasuka, ni dalili kwamba mtoto hashiki titi vizuri. Mara nyingi mtoto anakuwa ameshika chuchu tu. Huitafuna kama mtu anayetafuna ncha ya muwa. Mama anaumia, na maziwa hayatoki vizuri. Mtoto naye humeza hewa nyingi, na hewa hiyo huongeza kucheua. Kwa hiyo ukimrekebisha mtoto anavyoshika titi, unatibu mambo mawili kwa pamoja.

Mshike hivi:

1. Keti vizuri, mgongo uegemee ukuta. Mlete mtoto kwenye titi. Usiinamie mtoto.

2. Mwili wake wote ukuelekee wewe, tumbo lake liguse tumbo lako. Kichwa na mwili viwe katika mstari mmoja. Asigeuze shingo ili kunyonya.

3. Gusa mdomo wake kwa chuchu. Ngoja mpaka afungue mdomo wazi kabisa, kama anayepiga miayo. Hapo mlete upesi.

4. Tazama. Kidevu chake kiguse titi. Mdomo wa chini uwe umegeuka nje. Weusi unaozunguka chuchu uingie mdomoni, hasa upande wa chini.

5. Ukisikia maumivu makali, usivumilie wala usimvute mtoto. Ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo wake, atalegea. Anza tena.

Ili chuchu zipone, anza na titi lisiloumia sana. Mtoto akimaliza, kamua matone machache ya maziwa yako, yapake kwenye chuchu, uyaache yakauke kwa hewa. Usioshe chuchu kwa sabuni kila mara, maana sabuni hukausha ngozi. Usipake majivu wala mafuta ya taa wala dawa ya meno. Mtoto ataweka mdomo hapo.

Kama maumivu yamezidi, usiache titi lijae. Nawa mikono kwa sabuni. Kamua maziwa kwenye kikombe safi kilichochemshwa. Mnyweshe mtoto kwa kikombe hicho kidogo kidogo. Usitumie chupa ya kunyonyea, kwa sababu ni vigumu kuisafisha, nayo humfundisha mtoto kushika vibaya.

Mama mwenye virusi vya UKIMWI anayetumia dawa zake kila siku hunyonyesha vizuri. Lakini chuchu zikipasuka, au titi likivimba na kuuma, aje kliniki siku hiyo hiyo. Katika muda huo anyonyeshe kwa titi zima tu. Maziwa ya titi bovu ayakamue na kuyamwaga mpaka lipone.

NJOO ZAHANATI UPESI

Mlete mtoto mara moja ukiona jambo lolote kati ya haya:

- Hawezi kunyonya, au amelegea na hataki kuamka.
- Anatapika kila kitu, au maziwa yanaruka mbali kwa nguvu kila baada ya kunyonya.
- Matapishi ni ya rangi ya kijani.
- Kuna damu katika matapishi au choo. Katika habari yetu damu ilitoka kwa mama. Lakini nyumbani huwezi kujua. Mlete tumpime.
- Ana homa, au mwili umekuwa wa baridi.
- Anapumua haraka, mara 60 au zaidi kwa dakika 1 akiwa chini ya miezi 2, au kifua kinabonyea kwa ndani.
- Amepata degedege.
- Tumbo limevimba na kuwa gumu.
- Utosi umebonyea, au anakojoa kidogo sana.
- Uzito haupandi.

Mama naye aje akiona titi limevimba upande mmoja, limekuwa jekundu na la moto, naye ana homa na kutetemeka. Hiyo inaweza kuwa mwanzo wa jipu. Asiache kunyonyesha. Titi likiachwa limejaa huzidi kuharibika. Aje pia akiona utandu mweupe mdomoni mwa mtoto usiofutika. Huo ni ukungu, na huweza kuhamia kwenye chuchu. Dawa yake ipo.

YULE MKUBWA

Sasa turudi kwa msichana wetu wa mlangoni.

Mama alipopata mimba, alimwachisha ziwa kwa siku moja tu. Aliambiwa kwamba maziwa ya mama mwenye mimba ni sumu. Si kweli. Mama mzima mwenye mimba anaweza kuendelea kunyonyesha, ila yeye mwenyewe ale zaidi. Kama kuna shida katika mimba, mganga wa kliniki atamwambia. Na mtoto anapoachishwa ziwa aachishwe polepole, chakula kingine kikiongezwa.

Tangu mdogo wake azaliwe, msichana huyu alianza kukojoa kitandani. Alimfinya mtoto mchanga. Alikataa ugali. Alichapwa na kuambiwa, "Wewe sasa ni mkubwa." Miaka 2 na miezi 3 si ukubwa!

Jambo hili si la Usambara peke yake. Miaka ya 1930 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, alifanya kazi Afrika Magharibi katika nchi ya Gold Coast, ambayo leo inaitwa Ghana. Aliona watoto wadogo waliovimba miguu, nywele zimebadilika rangi, ngozi inabambuka. Wengi walikufa. Aliwauliza akina mama ugonjwa huu unaitwaje. Wakamwambia jina lake kwa lugha yao ya Kiga: kwashiorkor. Maana yake ni ugonjwa anaoupata mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Mwaka 1935 daktari huyo aliliandika jina hilo katika gazeti la waganga la Lancet huko Uingereza, na waganga wa dunia nzima wakalichukua. Sisi kwa Kiswahili tunauita unyafuzi.

Tazama hekima ya akina mama wale. Walijua ugonjwa unaanza lini: siku mdogo anapozaliwa.

Daktari huyo huyo alipokuwa Singapore mwaka 1939, alitoa hotuba kali kupinga maziwa ya kopo yenye sukari. Akina mama walikuwa wakiuziwa maziwa hayo wawape watoto wachanga. Aliyaona mambo yote mawili: mkubwa anayenyimwa ziwa bila kupewa chakula, na mchanga anayenyang'anywa ziwa bila sababu.

Msichana wetu alikuwa bado hajafika huko. Nilibonyeza miguu yake yote miwili kwa kidole gumba, nikahesabu, nikaachia. Hapakubaki shimo. Kama lingebaki, ningempeleka hospitali siku hiyo. Utepe ukionyesha rangi nyekundu, vilevile ni hospitali. Rangi ya njano ni onyo. Inasema: "Bado mna nafasi, lakini msichelewe."

HESABU YA MAMA

Tukakaa chini, mimi, muuguzi, mama na bibi, tukafanya hesabu. Ifanye nawe.

Mtoto mchanga ananyonya kama mara 10 kwa siku, mchana na usiku. Kila mara ni nusu saa. Hizo ni saa 5. Akishiba, ashikwe wima nusu saa. Mara 10, hizo ni saa 5 nyingine. Jumla ni saa 10.

Siku nzima ina saa 24. Toa saa 10. Zinabaki 14. Ndani ya saa hizo 14 mama huyu alipaswa kuteka maji, kutafuta kuni, kupika, kufua kanga zilizocheuliwa, kupalilia maharagwe, kubeba kabichi kwenda gulioni, na kulala. Mtoto mkubwa atalishwa saa ngapi?

Mama akasema taratibu, "Huwa namwekea uji asubuhi. Jioni anakula na wote."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Chakula kilikuwapo nyumbani. Viazi vilikuwapo, maharagwe yalikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kukaa naye ale. Mtoto wa miaka 2 akila sahani moja na watu wazima hupata kidogo. Na uji mtupu asubuhi humjaza maji tu.

Bibi alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema kwamba mwaka 1973 alikuwa msichana. Wazee wake walikutana kila wiki kusikiliza redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, ambayo watu karibu milioni 2 walishiriki katika nchi yetu. "Hawakusikiliza tu," akasema. "Walisikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Haya mganga, sisi tukachimbe nini?"

Nikamwambia, "Bibi, tugawane zile saa 10."

KUGAWANA KAZI

Baba aliitwa. Alikuja na matope ya shambani miguuni. Mambo waliyokubaliana ni haya:

1. Mama atanyonyesha. Hiyo ni kazi yake, na ni kazi kubwa. Kila anaponyonyesha aletewe kikombe cha maji au uji. Na kila siku ale mlo mmoja zaidi.

2. Mtoto akishiba, bibi au baba atamshika wima ile nusu saa. Baba alicheka kwanza. Kisha akaiweka mikono yake tayari. Mikono inayobeba gunia la viazi haishindwi na kilo 4.

3. Nusu saa hiyo mama atakaa na mtoto mkubwa. Atamlisha, atamchana nywele, atazungumza naye.

4. Mtoto mkubwa awe na sahani yake. Ale mara 3 kwa siku, na katikati apate kitu kidogo mara 2, kama ndizi au parachichi. Uji wake uwe mzito, uchanganywe na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa au karanga zilizosagwa. Maharagwe yapondwe. Apate yai likiwapo, dagaa, na mboga za majani.

5. Mdogo akinyonya, mkubwa aketi karibu na mama. Apewe kazi ndogo, kama kuleta kanga safi. Asifukuzwe. Lakini asiachwe peke yake na mchanga.

6. Asichapwe kwa kukojoa kitandani. Hakojoi kwa ujeuri. Analia kwa njia yake.

7. Baba atateka maji na kutafuta kuni mpaka chuchu zipone. Jirani akimcheka, amwonyeshe gazeti hili.

Niliwaeleza pia habari ya uzazi wa mpango. Ni vizuri mama apumzike angalau miaka 2 tangu kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Mwili wake hupata nguvu, na mtoto hupata ziwa lake mpaka miaka 2 au zaidi. Na kama wapo wawili, wa kwanza hajafika miaka 2 na bado anataka ziwa, anaweza kunyonya. Mchanga aanze, mkubwa afuate.

MWISHO WA HABARI

Baada ya wiki 2 walirudi. Chuchu zilikuwa zimepona. Mtoto mchanga alikuwa na kilo 4.7, na alinicheulia begani palepale. Bibi akacheka, akanipa kanga. Safari hii hapakuwa na uzi mwekundu.

Baada ya miezi 2 tulimpima msichana. Utepe ulionyesha rangi ya kijani. Hakuketi mlangoni. Alikuwa nje na wenzake, na ilibidi baba yake amwite mara 3 ndipo aje kupimwa.

Mdogo wake bado anacheua. Ataacha wakati wake ukifika.

TUKUMBUKE

- Kucheua si ugonjwa kama uzito unapanda.
- Chuchu ikiuma sana, rekebisha namna mtoto anavyoshika titi.
- Chini ya miezi 6, maziwa ya mama tu.
- Ukimpeleka mdogo kupimwa, nenda na mkubwa. Waombe wapimwe wote wawili.
- Saa 10 za mtoto mchanga si za mama peke yake.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mtoto anayecheua tutajuaje kama ni mzima au ni mgonjwa?
2. Kwa nini uji si dawa ya kucheua?
3. Katika nyumba yako, nani hukaa na mtoto wa miaka 2 wakati anakula?
4. Fanya hesabu ya saa za mama wa nyumba yako kwa siku moja. Andika kwenye karatasi. Ni kazi gani moja ambayo mtu mwingine anaweza kuichukua kuanzia leo?

Swali la 4 ndilo kubwa. Ukishalijibu, usiliache kwenye karatasi.

Ni mimi, mganga wenu wa zahanati.